Mkanda Mwekundu wa Mzee Pei

Nilimsikia Yaqin tangu ghorofa ya pili. Jengo letu halina lifti, na mtu wa umri wetu akipanda ngazi unamfuatilia kwa masikio: anapanda, anasimama, anakohoa, anapanda tena. Mimi nilikuwa jikoni kwangu ghorofa ya tano, namenya vitunguu saumu vya kuloweka kwenye siki, maana ilikuwa tarehe nane ya mwezi wa kumi na mbili wa kalenda yetu ya zamani, siku ya vitunguu na uji. Uji wa nafaka ulikuwa motoni unatokota, na bega langu la kulia lilikuwa limekataa kazi tangu asubuhi.

"Mlango uko wazi!" nikapaza sauti. "Ukifika mzima, ingia."

Akaingia. Tong Yaqin ni shoga yangu wa miaka arobaini na zaidi. Tulifanya kazi kiwanda kimoja cha chuma, mimi chini stoo, yeye juu kabisa, ndani ya kibanda cha winchi iliyokuwa ikibeba vyungu vya chuma kilichoyeyuka. Ni mwanamke mkubwa, mikono yake kama makasia. Hata koti hakuvua. Alitoa mfuko wa plastiki kwapani, akaumwaga mezani juu ya maganda ya vitunguu. Yakabingirika madonge manne ya uzi wa sufu, mekundu mpaka macho yaliniuma.

"Dada Guan," akasema, "nifumie mkanda wa kiunoni."

"Wa nani?"

"Wa Pei. Mwaka wa Farasi unaingia baada ya siku ishirini na mbili. Pei ni Farasi. Na anatimiza sabini na tatu."

Nikaweka kisu chini. Kwetu kila mwaka una mnyama wake. Wako kumi na wawili, wanapokezana, na mwaka wa mnyama wako ukirudi ndio mwaka wa kuogopa. Unavaa chekundu ulichopewa na mtu wako, na unakivaa kabla mwaka haujaingia. Sabini na tatu nayo ni umri ambao watu wetu hawapendi hata kuutaja. Mtu akiulizwa anasema ana sabini na mbili, au anaruka moja kwa moja mpaka sabini na nne. Mzee Pei, mume wa Yaqin, yamemkuta yote mawili kwa pamoja, tena akiwa kitandani hospitali tangu majani yalipoanza kuanguka, kifua kimejaa vumbi la mgodi.

"Mikanda myekundu imejaa madukani, Yaqin."

"Ya dukani nimemnunulia kila mwaka wake wa Farasi tangu tuoane. Safari hii ya dukani haitoshi. Dada, akiingia mwaka huo mtupu, hatoki. Najua hatoki."

"Na bega langu je, hulioni? Nimefuma miaka hamsini. Masweta ya watoto, ya wajukuu, ya majirani, ya mabosi. Mwaka jana sindano nimezitia ndani ya soksi nikazisukuma chini ya kitanda. Nimechoka, mwenzangu. Nimechoka mpaka uchovu wenyewe umenizoea."

Akakaa kwenye kigoda, akaitazama mikono yake kama vitu alivyookota njiani.

"Basi nifundishe," akasema.

Nilicheka. Sikuweza kujizuia. Kiwandani sote tulikuwa tukifuma, kwenye mikutano, kwenye basi, kwenye foleni ya chakula. Glovu nyeupe za pamba tulizopewa za kazi tulikuwa hatuzivai. Tunazificha, tunazifumua, tunazungusha uzi kuwa madonge, tunawafumia watoto fulana. Yaqin peke yake ndiye hakuwahi. Huko juu mikono yake ilikuwa kwenye vishikio vya winchi saa nane nzima, huwezi kushika kingine, chini kuna watu. Wanawake walimcheka: "We Yaqin, mumeo atavaa nini, winchi?" Pei akavaa vya kufumwa na mama yake, mama alipokufa akavaa vya dada yake. Na glovu za Yaqin, mpya kabisa, alikuwa akiniletea mimi. Wanangu wawili wamekulia ndani ya glovu za Yaqin.

Sasa nitamnyima nini mtu kama huyo? Nikapiga magoti, nikavuta ile soksi uvunguni. Kuinuka ikanibidi nishike kitanda.

"Tutafanya kitu chepesi kuliko vyote," nikamwambia. "Vitanzi arobaini. Unakwenda, unageuza, unarudi vilevile. Hakuna maua, hakuna mikono, hakuna kupunguza. Kipande kilichonyooka, cha kuzunguka kiuno na kubaki kidogo cha kufungia. Mtoto wa miaka saba anaweza."

"Mtoto wa miaka saba ana macho."

"Na wewe una mdomo. Shika sindano. Kitendawili!"

"Ah, dada, na vitendawili vyako..."

"Kitendawili, nimesema."

"Haya, tega."

"Ndugu wawili wanachomana mchana kutwa, damu haitoki, na katikati yao mtoto anarefuka."

Akafikiri. "Madereva wa basi la kwetu."

"Nipe mji."

"Chukua Shenyang."

"Shenyang nimepewa jana. Leta mwingine."

"Chukua Dalian, na bahari yake, unitajie jibu."

"Ni sindano hizo ulizoshika kama unataka kumchoma mtu jicho. Legeza. Legeza mabega, Yaqin, hapa hakuna chuma cha moto."

Lakini hakujua kulegeza. Mtu aliyeshika uhai wa wenzake kwenye vidole miaka thelathini, vidole vyake haviaminiani na kitu laini. Alikaza uzi mpaka vitanzi vikawa vinalia vikisukumwa. Siku ya kwanza alifuma mistari sita kwa saa nne. Siku ya pili akaja anatabasamu, ameongeza kumi nyumbani kwake. Nikahesabu vitanzi: arobaini na saba.

"Hivi saba umevitoa wapi?"

"Sijui. Vimezaliwa."

"Kitendawili kingine. Nakwenda na arobaini, narudi na arobaini. Nikirudi na arobaini na moja nimepotea njia."

"Hicho nakijua! Ni mfumaji mjinga."

"Ni kuhesabu, mwanamke! Kila ukifika mwisho wa mstari, hesabu."

Tukafumua yote kumi. Alitazama uzi ukikimbia kurudi kwenye donge, midomo ameibana. Nikamwambia kufumua si hasara, uzi uko palepale. Akasema, "Uzi uko, siku haiko."

Tangu hapo tukawa tunakwenda pamoja hospitali. Asubuhi tunasimama kituoni, barafu chini, pumzi zetu nyeupe mbele ya nyuso, kila mmoja amemshika mwenzake kiwiko. Wodi ilikuwa ghorofa ya nne, vitanda sita, joto la mabomba mpaka mtu unavua fulana ya pili, harufu ya dawa na kabichi chachu. Pei alikuwa kitanda cha dirishani, mrija wa hewa puani. Alikuwa mtu wa maneno zamani. Sasa anasema vipande, anapumzika, anamalizia.

Alipomwona mkewe mara ya kwanza na sindano, alimtazama muda mrefu.

"Nani... amekufa?" akauliza.

"Nyamaza wewe," Yaqin akamjibu, jicho kwenye kitanzi. "Kumi na mbili, kumi na tatu... umenipoteza."

"Shemeji Guan, huyu... umemfanya nini?"

"Kaniomba mwenyewe," nikasema. "Mimi ni mwalimu tu, na mwanafunzi mwenyewe ni jiwe."

Wagonjwa wengine wakacheka. Kitanda cha tatu kulikuwa na mama mmoja aliyekuja kumuuguza kaka yake. Akasogeza kiti akasema vitanzi vile vimekazwa vizuri, mkanda ule utazuia hata risasi. Yaqin akavimba kwa furaha. Tangu kiwanda kifungwe sikuwa nimemwona hivyo.

Na mimi, siku ya saba hivi, mikono ilianza kuniwasha. Kukaa bure karibu na mtu anayefuma ni kama kukaa karibu na mtu anayekula. Nikachukua masalia ya uzi wa kijivu na sindano nene, nikaanzisha vitanzi ishirini. Sikukusudia chochote. Miaka yote nilifuma kitu kinachongojewa na mtu: sweta la maua ya pembe nne la bosi, koti la harusi la binti wa jirani, na tarehe juu yake. Hiki hakikungojewa na mtu yeyote. Kwenda, kugeuza, kurudi. Bega liliuma, lakini liliuma polepole, kama mtu anayenung'unika huku akitembea pamoja nawe. Tulikaa tunafuma pande mbili za kitanda na Pei katikati, sindano zikigongana, na nilijiona nimekaa vizuri duniani.

Ila siku zilikuwa zinakwenda na mkanda hauendi. Ulitakiwa ufike shibiri tano. Siku ya kumi ulikuwa shibiri mbili. Yaqin akaacha kulala. Alikuwa akifuma nyumbani mpaka vidole vinamvimba, asubuhi naona macho yake yamekuwa na rangi ya uzi wenyewe. Nikimwambia apumzike, ananiambia, "Atapumzika nani? Farasi yuko mlangoni."

Asubuhi moja akaniletea kazi yake kituoni, akasema chinichini, "Dada, nifumie mistari ishirini tu. Nani atajua?"

"Wewe utajua."

Akaurudisha mfukoni. Basi lilipokuja akalala kabla halijang'oka, kichwa juu ya bega langu lile bovu. Sikumsogeza.

Tarehe ishirini na tatu, siku ya kumuaga mungu wa jikoni anapopanda mbinguni, nilikwenda na peremende za kunata za siku hiyo. Pei akapokea moja, akaiweka chini ya ulimi. Yaqin akachukua chupa mbili akaenda kuchota maji ya moto mwisho wa korido, ambako daima kuna foleni. Alipotoka tu, Pei akanigusa mkono.

"Shemeji. Kitendawili."

Nikashangaa. Yeye huwa ananicheka kwa vitendawili vyangu. "Tega."

"Farasi... asiye na miguu. Kaingia nyumba ya watu... kwa tumbo."

Nikafikiri. "Farasi wa mbao wa watoto?"

"Hapana."

"Baiskeli? Haya nimeshindwa. Chukua Beijing."

"Sitaki Beijing." Akapumzika. "Ni nyoka."

Nikamwangalia. Naye akaniangalia, akingoja maana iniingie. Ikaingia taratibu, kama maji baridi kwenye kiatu.

"Wewe si Farasi," nikasema.

Akatikisa kichwa. Kisha akanieleza, vipande vipande, akitazama mlango. Alizaliwa mwishoni mwa mwezi wa kumi na mbili. Kalenda ya serikali ilikuwa imeshageuza mwaka, ya kwetu bado siku kumi na saba, kwa hiyo mnyama aliyekuwa zamu alikuwa bado Nyoka. Karatasi zake zote za mgodini ziliandikwa kwa kalenda ya serikali, na watu wakapiga hesabu wakamwita Farasi. Alipotaka kumuoa Yaqin, mama yake Yaqin aliuliza mnyama wake. Wakati ule mambo hayo yalikatazwa, lakini aliuliza, kwa kunong'ona. Yaqin ni Nguruwe. Nguruwe na Nyoka hawakai nyumba moja, ndivyo wanavyoamini watu wetu, na mama yule asingetoa binti. Mshenga akamkanyaga Pei mguu chini ya meza, akasema: Farasi huyu, karatasi hizi hapa.

"Nilisema nitamwambia... akizaa. Halafu... mtoto akienda shule."

"Mtoto ana miaka arobaini na mbili, Pei."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo mwaka wako ni huu huu unaoisha. Na sabini na tatu yako ni hii hii."

"Zimebaki siku saba... nimalize. Shemeji, mwone macho yake. Anajiua... kwa ajili ya farasi ambaye hayupo. Mwambie wewe."

"Mimi!"

"Mimi sina pumzi... ya kelele zitakazofuata."

Nilitamani kucheka na nilitamani kulala chini, hapo hapo sakafuni. "Pei, mimi nimechoka tangu mwaka kiwanda kilipofungwa," nikamwambia. "Mzigo wako ni wako. Nitakaa hapa, nitakushikia mkono kama unataka, lakini mdomo ni wako."

Yaqin akaingia na chupa zake. "Mnanong'ona nini? Mmekula peremende zote?"

Akakaa, akachukua mkanda, akaanza mstari. Pei akamwambia. Alimwambia kwa maneno machache kuliko aliyonipa mimi, labda sita au saba, kisha akafunga macho.

Yaqin hakusimamisha sindano. Hilo nilikuwa nimemfundisha mimi: mstari haukatwi katikati. Alifuma mpaka kitanzi cha arobaini, nikaona midomo yake ikihesabu, kisha akaweka kazi magotini.

"Mwaka uliovunjika mguu," akasema. "Mwaka wa nini?"

"Nyoka," Pei akajibu, macho bado ameyafumba.

"Mwaka uliofukiwa mgodini siku mbili, nikakaa getini nimemshika mtoto mkono?"

"Nyoka."

"Na mwaka uliofuata nikakununulia mkanda mwekundu, ukauvaa mwaka mzima mpaka ukachanika. Hukusema kitu."

"Ulikuwa... mkanda mzuri."

"Mzuri!" Yule mama wa kitanda cha tatu akaacha kumenya chungwa lake. "Miaka arobaini na nne nafungua mwavuli baada ya mvua! Nguruwe mimi, nimelala na nyoka kitanda kimoja, nimemfulia, nimempikia, na kumbe kila akiwa kwenye hatari nimekaa zangu natazama! Wewe mzee, ungekuwa na afya ningekupiga na chupa hii!"

"Ndiyo maana... nimengoja niugue."

Nikadhani atamrushia kweli. Akakamata chupa. Akamimina maji kwenye kikombe, akamwinua kichwa, akamnywesha. Maji yakamwagika shingoni kwa mzee, akayafuta kwa kiganja.

Kisha akanigeukia.

"Dada Guan. Nyoka amebakiza siku ngapi?"

"Saba."

"Si zilizopita. Zilizobaki ni saba?"

"Zilizobaki ni saba."

"Basi bado yuko ndani. Anaweza kumchukua kesho. Nifundishe kufunga."

"Yaqin, mkanda haujafika. Una shibiri tatu na kidogo."

"Atavaa shibiri tatu na kidogo. Nifundishe, dada, sasa hivi."

Kufunga vitanzi nilikuwa sijamfundisha, nilidhani tuna wiki. Nikasogeza kigoda. Unafuma viwili, cha kwanza unakirusha juu ya cha pili, kinabaki kimoja. Unafuma kingine, unarusha tena. Alikaza mno, ukingo ukaanza kujikunja kama sikio la mbwa. Tukafumua vitano, akaanza upya. Sikumtegea vitendawili. Nilihesabu tu, kwa sauti ndogo, na yeye alirusha. Kwenye thelathini na moja kitanzi kilimponyoka, akatoa sauti kama mtu aliyekanyagwa. Nikakidaka kwa kucha. Huo ndio msaada pekee wa mkono wangu katika mkanda ule.

Cha arobaini kilipofungwa akakata uzi kwa meno. Tukamwinua Pei, mimi upande mmoja yeye upande mwingine, tukaupitisha. Alikuwa mwepesi kama nguo zilizoanikwa. Hata hivyo ncha hazikukutana, zilipungukiwa na upana wa kiganja. Tukachukua uzi uliobaki, nikashika ncha moja naye akashika nyingine, tukarudi nyuma kila mmoja mpaka nikagusa dirisha, tukasokota, tukakunja mara mbili, ukajisokota wenyewe kuwa kamba. Tulitengeneza kamba mbili. Yaqin akafunga fundo la watu wa winchi, lile lisilofunguka mpaka ulitake mwenyewe.

"Unabana," Pei akasema.

"Na ubane," Yaqin akamwambia.

Siku saba zile hakutoka wodini ila kwenda kuchota maji. Wagonjwa walioweza kwenda nyumbani kula sikukuu walikwenda, wodi ikabaki na vitanda viwili vyenye watu. Tarehe ishirini na sita Pei alizidiwa, wakamwongezea hewa. Daktari kijana akataka kumfungua ule mkanda ili amsikilize tumbo, nasikia Yaqin alimshika kiganja akakirudisha taratibu mfukoni mwa koti lake jeupe, akamwambia, "Sikiliza juu ya sufu, mwanangu." Akasikiliza juu ya sufu.

Mimi sikulala vizuri siku hizo. Sikuwa na uhakika kama tumefanya la maana au tumechezea uzi tu. Nilikaa jikoni nakanda unga, nakata kabichi na nyama ya kujazia maandazi ya mvuke ya mwaka mpya, napumzisha bega, nakata tena.

Siku ya kwanza ya mwaka nilitoka asubuhi, bakuli nimelifunga kwa taulo. Barabara nzima ilikuwa nyekundu kwa karatasi za fataki, nikawa natembea juu yake kama juu ya majani. Ngazi za hospitali nilizipanda kituo kwa kituo. Ghorofa ya tatu nilikaa kabisa chini, mwanamke mzima na bakuli lake, kwa sababu miguu haikutaka kujua kilichoko ghorofa ya nne.

Korido ilikuwa kimya. Nikasukuma mlango.

Yaqin alikuwa kwenye kiti, kifua chake na kichwa vimeangukia kitandani, koti bado mwilini, mdomo wazi. Pei alikuwa amelala chali, macho ameyafumba, uso wa rangi ya majivu. Nikasimama. Mrija wa hewa ulikuwa unatoa kile kisauti chake, na sikujua kama unampa mtu au unaupa mto.

"Shemeji," Pei akasema bila kufumbua macho. "Unawasha... huu mkanda."

Nikaweka bakuli chini maana ningeliangusha.

"Mwaka mpya mwema, Nyoka wee."

"Mwema. Sasa... naruhusiwa kuvua?"

"Muulize aliyefunga."

"Usimwamshe. Kalala... fataki za mwisho zilipoisha. Hajalala... siku saba."

Lakini Yaqin alikuwa ameshasikia. Aliinua kichwa, alama ya mshono wa shuka imemchora shavuni, akanitazama kama mtu ambaye hajui yuko mji gani. Kisha mkono wake ukaenda kwenye kiuno cha mumewe, ukapapasa fundo, ukapanda kifuani, ukakaa hapo ukipanda na kushuka.

"Amevuka?" akaniuliza mimi, si yeye.

"Amevuka."

"Jua limetoka?"

"Limetoka zamani. Nimekuleteeni maandazi, bado ya moto. Amka ule."

"Kuleni nyie," akasema, na kichwa kilikuwa kimesharudi kitandani. "Mimi mniache nilale."